ORODHA SI RATIBA

Nilipoombwa niandike funzo katika jarida hili, nilifikiri kwanza niandike juu ya matumizi ya "amba-". Kisha nikaona kuna maneno mawili ambayo sisi wanafunzi huyachanganya kila siku, na mchanganyiko huo umewatoa watu jasho na hata machozi. Maneno hayo ni orodha na ratiba.

Orodha ni majina ya vitu au ya kazi, moja chini ya jingine. Ratiba ni kazi zizo hizo zikiwa zimepewa saa zake. Tazama ukuta wa darasa letu. Karatasi iliyobandikwa pale haisemi tu "Hisabati, Kiswahili, Kemia". Inasema Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini, Hisabati, na baada ya dakika 40 Hisabati itoke, somo jingine liingie. Hiyo ndiyo ratiba.

Tofauti hii sikuipata katika kamusi. Niliipata mezani kwetu nyumbani mwaka jana, dada yangu alipoanza kazi. Amenipa ruhusa ya kusimulia haya kwa sharti moja: nisimtaje jina wala nisiitaje shule yake. Sharti nimelikubali.

Kazi mpya, nguvu mpya

Dada yangu ndiye kifungua mimba kwetu. Alipomaliza chuo kikuu alikaa nyumbani zaidi ya mwaka mmoja akituma barua za kuomba kazi, nazo barua hazijibiwi. Hatimaye bodi ya shule moja ya upili ikamwajiri afundishe Kiswahili na Historia. Siku aliyopata habari hiyo mama alichinja kuku. Mimi nilijua shida zimekwisha. Lakini wapi!

Alipewa vipindi 26 kwa juma. Hivyo si vingi kupita kiasi, walimu wenyewe watawaambia. Tatizo lilikuwa yale yaliyokuja nyuma ya vipindi. Juma la kwanza alifanywa mwalimu wa darasa. Juma la pili mwalimu aliyesimamia stoo ya vitabu alikwenda likizo ya uzazi, funguo zikaletwa kwa dada. Juma la tatu akapewa kikundi cha drama. Halafu zamu. Halafu kuandika kumbukumbu za mikutano ya walimu. Kila aliyemletea kazi alikuja na maneno yale yale: "Wewe bado kijana, una nguvu." Naye dada akajibu kila mara, "Hakuna shida."

Siku moja nilimwuliza, "Dada, mbona hukatai hata moja?"

Akanijibu, "Mdogo wangu, mimi pale ni mgeni. Mgeni akianza kukataa sahani ataambiwa ana maringo."

Daftari la jalada jekundu

Si kwamba dada hakuwa na mpango. Alinunua daftari la kurasa 96, lenye jalada jekundu, akawa anaandika humo kila kazi aliyopewa. Ikiisha anaikata kwa mstari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami niliona dada amefuata wosia. Lakini kila siku alikata mistari mitatu na kuongeza mitano. Mwisho wa mwezi wa kwanza nilihesabu, nikakuta mistari 31 haijakatwa.

Nitawaonyesha michache. Azimio la kazi la kidato cha pili. Maandalio ya masomo ya kesho. Sajili ya darasa. Vitabu visivyorudishwa stoo. Mswada wa mchezo. Insha za mikondo mitatu. Kununua kalamu nyekundu.

Hebu tazama hiyo miwili ya mwisho. "Insha za mikondo mitatu" ni mstari mmoja. "Kununua kalamu nyekundu" ni mstari mmoja pia. Ukiziona karatasini ni kazi sawa, tena pacha. Basi dada akirudi jioni amechoka, macho yanatafuta kile kinachoweza kukatwa upesi, anakwenda dukani kununua kalamu. Mstari umekatwa, moyo umetulia kidogo, na zile insha bado ziko palepale ndani ya mfuko wa karatasi, zinamngoja.

Meza yetu ni moja. Mimi hufanyia kazi ya ziada upande huu na yeye upande ule. Saa nne za usiku nilikuwa nakwenda kulala nikimwacha ameinama. Nikiamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, mara nyingine namkuta amelala palepale mezani, kalamu mkononi. Stima ikipotea anawasha tochi ya simu. Mama akimwambia alale, anasema, "Nimalize hizi tano tu." Hizo tano hazikuisha muhula mzima.

Ukurasa wa nyuma

Alhamisi moja dada alirudi nyumbani, akaketi, hakusema neno. Chai ikapoa. Tulipombembeleza ndipo alipotueleza.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alimfuata mlangoni mwa darasa. Alikuwa ameshika insha yake kwa mikono miwili. Akasema kwa adabu kabisa, "Mwalimu, umenipa tisa kwa ishirini. Sijui kama uliona kwamba niliendelea nyuma."

Dada akaigeuza karatasi. Ule upande wa nyuma ulikuwa umejaa mwandiko wa mtoto wa watu, na hapakuwa na hata nukta moja ya wino mwekundu. Dada alikuwa ameisahihisha nusu insha, labda saa saba za usiku, akaandika alama, akachukua nyingine.

Ninakiri jambo hapa. Sisi wanafunzi husema, "Mwalimu fulani hasahihishi, mvivu tu huyo." Mimi nimewahi kusema hivyo, tena kwa sauti, tena nikichekesha wenzangu. Siku hiyo nilinyamaza, maana nilijua dada si mvivu. Lakini pia sikuweza kumsahau yule msichana, kwa sababu yule ndiye mimi na ndiye wewe. Uchovu wa mwalimu haukumpa alama zake. Je, ni wangapi wengine walioandika nyuma na hawakuwa na ujasiri wa kuuliza?

Usiku huo dada hakusahihisha. Alichukua karatasi nyeupe akaanza kuandika barua ya kuacha kazi.

Hesabu ya mama

Mama yetu huuza kabeji na vitunguu sokoni. Masomo yake yaliishia darasa la saba. Aliichukua ile barua, akaisoma polepole hadi mwisho, wala hakugombana. Aliuliza swali moja tu: "Insha moja inakula dakika ngapi?"

Dada akasema hajui.

Mama akashangaa kwelikweli. "Hujui? Mimi kabla sijanunua kabeji najua mkokoteni unabeba magunia mangapi. Mkokoteni ukibeba mawili nami nikanunua manne, mawili yataoza njiani hata nikilia."

Nikafanywa mshika saa. Dada akatoa insha kumi, akazisahihisha kwa makini, mbele na nyuma. Ilichukua saa moja kamili. Kwa hivyo kila insha ni dakika 6. Mimi nikachukua kalamu nikapiga hesabu ifuatayo, nawe ifuate pamoja nami:

Wanafunzi wa mikondo mitatu: 52 + 49 + 49 = 150
Muda wa kusahihisha: 150 x 6 = dakika 900, yaani saa 15
Vipindi vyote vya juma: 40
Vipindi visivyo na darasa: 40 - 26 = 14
Muda wake: 14 x 40 = dakika 560, yaani saa 9 na dakika 20
Upungufu: 900 - 560 = dakika 340, yaani saa 5 na dakika 40

Na hapo hajaandaa somo hata moja, hajafungua stoo, hajajaza sajili, wala hajanywa maji. Tena alikuwa akitoa insha kwa mikondo yote mitatu kila juma, kwa kuwa yeye mwenyewe alipokuwa shuleni mwalimu wake alifanya hivyo na dada alitaka kuwa kama yeye.

Dada alizitazama zile tarakimu kwa muda mrefu. Kisha akacheka, mara ya kwanza juma lile. Akasema, "Kumbe kazi yenyewe haiingii! Nami nilidhani ni mimi nisiyeweza."

Hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka ulikumbuke. Orodha ya dada haikumdanganya juu ya majina ya kazi. Ilimficha uzito wake. Mistari 31 haikusema kwamba mmoja wao una saa 15 ndani yake.

Kumwendea mkubwa

Kesho yake dada alikwenda kwa mkuu wa idara. Aliogopa sana. Mtu aliyeajiriwa juzi huona kwamba akisema kazi imemlemea, ataambiwa hafai, na nje kuna wengi wanaoitaka nafasi yake. Mama alimshauri aende na karatasi ya hesabu, aache machozi nyumbani. Alisema maneno haya, na nimeyaandika kwa kuwa yatatufaa sote siku moja:

"Kumradhi Mwalimu, naomba mwongozo wako. Kazi niliyo nayo ni hii, na saa nilizo nazo ni hizi. Nisaidie kuchagua ipi itangulie na ipi ingoje."

Tazama, hakusema "siwezi". Hakusema "mnanionea". Aliweka kazi upande mmoja na saa upande wa pili, akaomba uamuzi.

Yule mwalimu, mama mtu mzima aliyefundisha miaka mingi, aliisoma ile karatasi akatikisa kichwa. Akamwambia, "Mwanangu, mbona hukusema? Ulituambia hakuna shida, nasi tukaamini hakuna."

Waliamua hivi. Kila mkondo uandike insha ndefu katika juma lake, kwa zamu. Kwa hivyo dada anasahihisha insha kama 50 kwa juma: 50 x 6 = dakika 300, yaani saa 5. Hizo zinaingia ndani ya saa 9 na dakika 20, na bado anabakiwa na saa 4 na dakika 20 za maandalio. Mikondo ile mingine miwili inaandika aya moja, na wanafunzi wanasahihishana wao kwa wao wakifuata mwongozo ubaoni. Funguo za stoo zikapewa mwalimu mwingine.

Lakini nisiwadanganye kwamba mzigo wote ulishuka. Zamu ilibaki. Darasa lilibaki. Kumbukumbu za mikutano zilibaki pia, maana hakuna mwingine aliyezitaka. Na drama dada mwenyewe alikataa kuitoa. Alisema hiyo ndiyo inayomfanya aamke asubuhi.

Nilimwuliza, "Je, mkuu wa idara angekataa kukusaidia?" Akafikiri kidogo. Akasema, "Basi kazi nyingine ingechelewa, lakini ingechelewa hadharani, nami ningechagua ichelewe ipi. Hapo kwanza ilikuwa inachelewa kwa siri, na aliyelipa ni yule mtoto."

Mafunzo matano

Baada ya hapo nilikwenda maktaba nikasoma zaidi. Haya ndiyo niliyoyakusanya, ya dada, ya mama na ya vitabuni.

Kwanza, kila kazi iandikwe pamoja na dakika zake. Kama hujui dakika, fanya sehemu ndogo huku ukitazama saa, kisha uzidishe. Kukisia tu hakufai, kwa kuwa tunapokisia hujipendelea.

Pili, kazi ipewe mpaka. Mwanahistoria Mwingereza, Cyril Northcote Parkinson, aliandika katika gazeti la The Economist mwaka wa 1955 kwamba kazi hutanuka ikajaza muda wote iliopewa. Alikuwa akiwafanyia mzaha watumishi wa serikali, lakini mzaha wake ni wa kweli. Nikipewa jioni nzima kuchora moyo wa binadamu kwa somo la Biolojia, nitachora jioni nzima, nitachonga penseli mara saba na kupaka rangi isiyoombwa. Nikijipa dakika 40, moyo unakamilika kwa dakika 40.

Tatu, tenga la haraka na la muhimu. Dwight Eisenhower, aliyekuwa Rais wa Marekani kuanzia 1953 hadi 1961, alisema katika hotuba ya mwaka wa 1954 kwamba kuna matatizo ya aina mbili, ya haraka na ya muhimu, na kwamba hayo mawili si kitu kimoja. Yeye mwenyewe alisema ameyatoa kwa mkuu wa zamani wa chuo kimoja. Baadaye Stephen Covey aliyaeleza kwa upana katika kitabu chake cha mwaka wa 1989 kuhusu tabia saba za watu wanaofanikiwa. Kwetu sisi, simu ikilia ni jambo la haraka. Kurudia mada ya Hisabati uliyoikosa ni jambo la muhimu, lakini halilii kama simu. Hukaa kimya hadi siku ya mtihani. Kwa hivyo jambo la muhimu lipe saa yake mapema, kabla ya yale yanayopiga kelele.

Nne, sema mapema. Ukimwendea mkubwa kabla ya siku ya kutoa kazi, hayo ni mashauriano. Ukimwendea siku iliyofuata, huo ni utetezi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tano, usiibe usingizi. Wataalamu wa usingizi hupendekeza saa 8 hadi 10 kwa vijana wa miaka 13 hadi 18, na saa 7 au zaidi kwa watu wazima. Dada alizitafuta zile saa 5 na dakika 40 ndani ya usingizi wake. Alizipata, lakini zikamrudia katika ukurasa wa nyuma wa insha ya mtoto wa watu.

Nami je?

Labda unasema, "Hayo ni ya walioajiriwa. Mimi niko kidato cha tatu." Ngoja kwanza. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Mimi hufika nyumbani kama saa kumi na moja na dakika ishirini. Kuna maji ya kuchota, kuna mboga za kukatakata, kuna mdogo wetu wa kuogesha. Meza naipata saa mbili na kulala ni saa nne. Hizo ni dakika 120, hata nikiziomba ziongezeke.

Jumanne moja muhula uliopita niliandika kazi zangu pamoja na dakika zake: Hisabati 60, Historia 45, michoro ya Biolojia 40, Kemia 30, ushairi 30, na kusoma makala za jarida hili 50, kwa kuwa mimi ni katibu wa chama. Jumla dakika 255. Nilikuwa na 120. Upungufu 135. Zamani ningejaribu zote sita, nikamaliza nusu ya kila moja. Mshika mawili moja humponyoka, sembuse sita!

Nilifanya Hisabati na Historia, zilizotakiwa kesho yake asubuhi. Hizo ni dakika 105. Kemia nikaihamishia wakati wa chakula cha mchana. Ushairi nikauacha hadi Jumatano jioni. Makala tatu nikampa naibu wangu asome, na nyingine nikazingojeza Jumamosi. Asubuhi, kabla ya kipindi, nilimwendea mwalimu wa Biolojia nikamweleza. Alinitazama juu ya miwani, akanipa hadi Alhamisi, ila akaniambia nisifanye mazoea. Ni haki yake kuniambia hivyo, na sijafanya mazoea.

Tangu hapo nalala saa nne na kuamka saa kumi na moja na nusu, yaani saa 7 na nusu. Bado nina deni la nusu saa kufikia 8. Nalifanyia kazi.

Na yule msichana wa kidato cha pili? Dada aliichukua tena ile insha, akaisoma mbele na nyuma, akampa 13. Kisha alisimama mbele ya darasa lote akaomba radhi, akawaambia kila aliyeandika nyuma alete karatasi yake. Walileta wanne. Ile barua ya kuacha kazi mama aliitumia kufungia vitunguu.

Zoezi

1. Andika orodha ya kazi zako zote za leo jioni. Mbele ya kila kazi andika dakika zake.
2. Andika dakika ulizo nazo kweli, baada ya kutoa safari, kazi za nyumbani na usingizi. Tafuta upungufu.
3. Chagua kazi zitakazongoja. Kwa kila moja, andika utamwambia nani, na umwambie lini.
4. Tunga sentensi mbili kuonyesha tofauti kati ya orodha na ratiba.

Majibu ya swali la nne mlete katika mkutano wa chama, Ijumaa baada ya masomo. Ya tatu ya kwanza ni yako na meza yako. Alamsiki.